Tusijifunze Kunyoa kwa Kichwa cha Yatima



Muhula huu mtaona sura mpya darasani. Ni vijana wanaosomea ualimu, nao wanakuja kwetu kufanya mazoezi ya kufundisha. Wapokeeni vizuri. Lakini nataka mjue tumekubaliana nini nao, kwa sababu watajifunza kazi hii kwa watoto wenu.

Waarabu tunaoishi nao hapa wana methali isemayo kwamba fulani anajifunza kunyoa kwa vichwa vya mayatima. Kinyozi mwanagenzi hamgusi mtoto wa tajiri, maana akimkata, baba mtu atakuja juu. Humtafuta asiye na wa kumsemea. Mimi katika madarasa ya Jumamosi huwaona mayatima wa namna hiyo, ingawa wazazi wao wako hai. Mtoto anayeona haya kwa Kiswahili chake hatarudi nyumbani kusema kwamba amechekwa. Mzazi naye, kwa kushukuru kwamba darasa lipo, haulizi.

Yanapozidi, tumeyaona. Oktoba 2016 ilisambaa video kutoka shule ya sekondari ya Mbeya Day, Tanzania. Walimu wa mazoezi, zaidi ya mmoja, walionekana wakimpiga mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu. Waziri wa elimu aliagiza wafukuzwe vyuoni. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, navyo vinatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kupewa chaki kwa wiki chache hakumpi mtu ruhusa hiyo. Vijana wale walipelekwa pale wajifunze, na kitu cha kwanza walichotakiwa kujifunza ni mpaka wa madaraka yao.

Kenya ilikwisha kupiga marufuku viboko shuleni. Hapa Imarati, mwaka huohuo wa 2016, ilianza kutumika sheria ya haki za mtoto iitwayo Sheria ya Wadeema, kwa kumkumbuka msichana mdogo aliyepoteza maisha kwa mateso. Chini ya sheria hiyo, mwalimu akiona mtoto anadhuriwa, ni wajibu wake kutoa taarifa.

Kwa hiyo fimbo siihofii sana katika darasa letu. Nahofia kicheko. Siku moja kijana wa mazoezi alimsikia mtoto akisema, "Baba yuwaja." Akacheka, akamwambia hicho si Kiswahili. Darasa zima likacheka naye. Mtoto yule hakusema neno tena mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Nilimkalisha kijana yule baada ya kipindi. Nilimweleza kwamba "yuwaja" ni Kimvita, lugha ya Mombasa, yenye washairi tangu zamani. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kwa sababu ndicho kilichochaguliwa katika mkutano uliofanyika mwaka 1928, tena huko huko Mombasa. Tunafundisha "anakuja" kwa kuwa mtoto atakikuta vitabuni. Bibi yake hakukosea kumfundisha "yuwaja", na mtoto huyo akifunzwa kumwonea haya bibi yake, tumempokonya kile alichokuja kukitafuta hapa.

Haya ndiyo tuliyokubaliana na vijana wetu. Mwalimu mwenyeji hatoki darasani wakati wanafundisha. Hawampigi picha mtoto wala kumrekodi akikosea, hata kama ameongea kitu cha kuchekesha na kundi la simu lingefurahi. Mtoto akisema "kitabu yangu", wanajibu, "Ndiyo, nimekiona kitabu chako," na somo linaendelea. Wakiulizwa wasilolijua, waseme hawalijui na walete jibu wiki ijayo. Maneno ya mtoto kuhusu nyumbani kwao hayapelekwi kwa mtu mwingine, isipokuwa mtoto yumo hatarini. Hapo wananiambia siku hiyo hiyo.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Zamani huku Ghuba mtoto alikabidhiwa kwa mwalimu kwa maneno haya: nyama yenu, mifupa yetu. Bado nawasikia baadhi yenu mlangoni mkisema, "Huyu mtundu, mwalimu, mchape tu." Najua ni mzaha na ni heshima kwa mwalimu. Ila kijana wa miaka ishirini anaweza kuuchukua kama ruhusa, na mtoto aliyesimama kando yako anausikia pia. Mwambieni mwalimu jambo lingine: kwamba mwanao anapenda mpira, au amehamia kutoka Muscat juzi tu, au anaelewa kila kitu ila anaogopa kusema.

Nanyi watoto, mwamkieni mwalimu mgeni shikamoo kama mnavyomwamkia mwingine yeyote. Mkiwa mnaumizwa na maneno yake, nyoosheni mkono au njooni kwangu. Hiyo si kukosa adabu. Naye atakosea, kwa kuwa anajifunza kama ninyi. Siku akichanganya majina yenu, msimcheke.

Jumamosi ijayo njooni dakika kumi mapema, wazazi, mkae nao kidogo. Chai ya maziwa na mandazi vitakuwepo.