Mkate wa Kila Siku kwa Asiyekula Ngano

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anaeleza ombi la nne la Sala ya Bwana kwa namna ambayo huwashangaza vijana wa kipaimara. Mkate wa kila siku kwake si chakula peke yake. Anahesabu humo mavazi na viatu, nyumba na shamba, serikali njema, hali nzuri ya hewa, afya, marafiki wema na majirani waaminifu. Tumelifundisha somo hilo kwa miaka mingi. Uzito wake tulianza kuuona pale mkate wenyewe ulipokatazwa nyumbani kwetu.

Mama wa nyumba yetu aliumwa tumbo kwa muda mrefu. Alitibiwa amiba, akatibiwa taifodi, akaambiwa ni vidonda vya tumbo. Damu ilikuwa ikipungua na nguo zikawa zinampwaya. Mwishowe daktari mmoja aliagiza kipimo kingine cha damu, kisha kikachukuliwa kipande kidogo cha utumbo mwembamba kikapelekwa maabara. Jibu likawa ni ugonjwa wa siliaki. Kwa mwenye ugonjwa huu, protini iitwayo gluteni, iliyomo katika ngano, shayiri na rai, huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Hakuna kidonge cha kuuponya; tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Tunaandika "sisi" kwa sababu anayeumwa ni mmoja, lakini walioahidiana madhabahuni, kwa raha na kwa shida, ni wawili.

Kwenye chakula Mungu alikwisha kutuandalia. Chapati na maandazi viliondoka mezani, lakini ugali wa mahindi, wali, ndizi, muhogo, viazi, mtama na ulezi vilibaki, na hakuna hata kimoja chenye gluteni. Tukadhani kazi imekwisha. Ndipo daktari akasema, "Mama, angalia pia dawa unazomeza na kila unachopaka mdomoni."

Wengi hatujui kwamba ndani ya kidonge dawa yenyewe mara nyingi ni kidogo tu. Sehemu kubwa huwa ni vitu vya kukijaza na kukishikamanisha, na kimojawapo ni wanga. Mara nyingi wanga huo hutoka kwenye mahindi au viazi. Mara chache hutoka kwenye ngano. Shida ni kwamba karatasi ya dawa huweza kuandika "wanga" bila kusema wa nini. Chuoni tulifundishwa Kigiriki na Kiebrania ili tuyasome Maandiko. Hatukujua kwamba ingetubidi kujifunza Kilatini ili tusome karatasi za vidonge: Maydis amylum ni wanga wa mahindi, Solani amylum ni wa viazi, Tritici amylum ni wa ngano.

Kwenye vipodozi tulipata nafuu kidogo. Gluteni haipenyi kwenye ngozi nzima ikaingia mwilini. Madhara huja ikimezwa. Kwa hiyo hofu si ya kila mafuta, bali ya vile vinavyofika kinywani: rangi ya mdomo, mafuta ya midomo, dawa ya meno. Na sisi tunaokula kwa mkono tunaongeza losheni ya mikono, maana anayepaka kisha akamega tonge bila kunawa vizuri amejilisha losheni. Jina Triticum likionekana kwenye orodha ya viungo, hiyo ni ngano. Hordeum ni shayiri. Secale ni rai. Mafuta yaliyopakiwa upya kwenye kopo lisilo na maandishi tumeyaacha. Kwa midomo, mafuta ya nazi au mafuta ya mgando yasiyochanganywa na kitu yanatosha.

Katika kuuliza-uliza huko tulikutana na binti mmoja mfamasia. Mama alihitaji dawa, na karatasi yake ilisema wanga tu. Tulipomuuliza, hakukasirika wala hakutupa jibu la kutufurahisha. Alisema, "Shikamoo mama, shikamoo mchungaji. Kwa kweli huu wanga sijui ni wa nini. Niachieni namba ya simu, niwaulize waliotengeneza." Siku ya tatu akapiga: ni wa mahindi. Tulimshukuru Mungu kwa ajili yake kwa jina katika sala ya jioni. Luther alipowaweka majirani waaminifu ndani ya mkate wa kila siku, hakika na binti huyu yumo. Neno "sijui" likisemwa kwa uaminifu ni chakula kwa mtu ambaye jibu la kubahatisha lingemwumiza.

Si wote waliotuelewa. Mpendwa mmoja katika usharika alituambia kwamba mtumishi wa Mungu huombea kidonge na kukimeza, naye Bwana ameahidi kuwalinda wake hata na kitu cha kufisha. Tulimjibu kwa upole. Ibilisi naye alimletea Bwana wetu ahadi ya Maandiko, akimtaka ajitupe toka kinara cha hekalu, na Bwana alikataa kumjaribu Mungu. Kusoma karatasi ya dawa ni kuutunza mwili ambao Mungu mwenyewe aliuumba. Vivyo hivyo, kuacha dawa ya daktari kwa hofu ya wanga, kabla ya kumwuliza daktari au mfamasia, si imani wala si busara. Tunaomba, na tunauliza.

Jibu kubwa zaidi lilitoka kwa wazee wa kanisa. Mkate wa Chakula cha Bwana ni wa ngano, na mama alikuwa akibaki kwenye benchi wengine wanapokwenda mbele. Wazee walikaa, wakakubaliana kwamba mkate usio na ngano uandaliwe katika sahani yake, ufunikwe, naye apewe kwanza kabla mikono haijagusa ule mwingine. Jumapili ya kwanza walijitokeza wengine wawili wakauliza kama nao wanaweza kupewa huo, maana tumbo liliwasumbua na hawakujua wamwambie nani. Tuliwapeleka kwa daktari.

Mpendwa msomaji, huenda kwenye benchi lako yuko anayebaki nyuma kwa sababu ambayo hujaiuliza. Bwana hakutufundisha kuomba "nipe." Alitufundisha kuomba kwa wingi, kila mmoja akiwaombea na wengine. Anayeomba hivyo atapenda kujua kama jirani yake anaweza kuula mkate uliokuja.