Umeandikishwa, lakini mashine haikuoni

Jamaa waliokimbia Mbau, Oicha ama Eringeti na kufikia Beni au Butembo wamezoea kuulizwa maswali na kijana mwenye simu mkononi. Fishi hazifanani: moja inauliza hesabu ya watoto, nyingine kadi ya uchaguzi iliyopotea. Ndiyo maana wataalamu wengi huweka majibu kwa mtindo wa JSON, yaani kila swali pamoja na jibu lake, ndani ya safu moja ya jedwali. Programu ya PostgreSQL inakubali hivyo, na tangu 2014 ina aina iitwayo jsonb, ambayo maswali na majibu yake yote yanaweza kuwekewa faharasa.

Bila faharasa, mashine inapitia fishi zote, moja baada ya nyingine. Ikiwepo, inaenda palepale, kama faharasa ya mwisho wa kitabu.

Lakini haiponyi maandishi mabaya. Ukitafuta “kijiji: Mbau”, haikupi “mbau” ya herufi ndogo, wala fishi ambamo swali liliitwa “village”. Familia inaambiwa haijaandikwa, nayo iliandikwa! Heri waandikishaji wapewe majina ya vijiji ya kuchagua, wasiyaandike wenyewe. Na mama anayeambiwa hayumo aombe watafute pia kwa nambari ya simu.