Bati likikatwa halishonwi

Nilikuwa kimya kidogo, nilikwenda Mbesa. Kwa msiopajua, ni wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, kusini kabisa. Ukitoka Songea unashika barabara ya Namtumbo. Wengi wanapajua kwa hospitali ya misheni, mimi napajua kwa sababu bibi yangu anaishi huko.

Leo siasa tuziweke kando. Tuongelee mkasi wa bati.

Bibi kavuka miaka 70 na bado anabeba ndoo kichwani. Ajabu ni kwamba nyumba yake imeezekwa bati. Mvua ikinyesha, maji yote yanamwagika chini na kuchimba msingi. Mjomba akasema safari hii lazima mfereji uwekwe pembeni mwa paa kabla ya mvua za Desemba. Na kwa Wayao, mjomba akisema, kasema. Akanunua bati bapa moja, lile lisilo na migongo, futi 8 kwa 3, geji 30. (Geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba, hili halifiki hata nusu milimita.) Moja tu, kwa sababu hela ya korosho ilishapangiwa matumizi hadi senti ya mwisho.

Sasa piga hesabu nami. Futi 3 za upana zinatoa vipande vitatu vya inchi 12, kila kimoja kina urefu wa futi 8. Jumla futi 24. Viungio ni viwili, kila kimoja kinakula inchi 4 za kupandiana. Zinabaki futi 23 na inchi 4. Upande wa paa una futi 22. Umeona? Kipande kimoja kikiharibika, mfereji haufiki kwenye pipa, na bibi anabeba ndoo msimu mwingine.

Ndiyo maana asubuhi nzima hatukukata kitu. Tulipima tu. Mistari ya kukata mjomba alinichorea kwa ncha ya msumari. Ya kukunja akataka nichore kwa kalamu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema msumari unakwangua zinki, na pale palipokwanguliwa ndipo kutu inapoingilia.

Mkasi tuliazima kwa fundi jirani. Siri yake ni hii: usiufumbe hadi mwisho. Ukiufumba wote, ncha zinaacha jino kwenye bati, na jino hilo ndilo litakalokuchana mkono. Kata, acha kidogo, sogeza mbele, kata tena. Mwenzako ainue upande mmoja taratibu ili mkono wako upate njia.

Huna mkasi? Msumeno wa chuma unafaa, chagua wembe wa meno 32 kwa inchi, na bati ulibane katikati ya mbao mbili. Bila hivyo linatetemeka na kuchanika. Au weka bati juu ya chuma kizito, utembeze tindo kwenye mstari huku ukigonga kwa nyundo. Mafundi wa Gerezani Dar es Salaam na wale wa Kamukunji Nairobi wanatoa majiko na masanduku kwa vifaa kama hivi.

Vaa glavu na viatu vya kufunika. Vipande vidogo viokote vyote, watoto wanatembea peku. Ukijikata, osha kwa sabuni na maji mengi, kisha uulizie chanjo ya pepopunda. Kingo zipige tupa, halafu zikunje kidogo: hazikati tena na mfereji unakuwa mgumu.

Tulipofunga, tuliuinamisha sentimita 1 kwa kila mita kuelekea pipa. Kwenye viungio, kipande cha juu kinalala ndani ya cha chini, kama maji yanavyokwenda.

Faida yake? Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Upande ule wa paa una kama mita 20 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 400, yaani mapipa mawili, au ndoo 20 ambazo shingo ya bibi haitazibeba. Maji ya mwanzo yaache yaoshe paa kwanza.

Mimi kazi yangu ni maneno. Neno likikaa vibaya nalifuta, naandika jingine, hakuna aliyelala na kiu. Bati halina kufuta. Maji yakimwagika hayazoleki, na bati likikatwa halishonwi. Sisi tuliosoma mjini tunapenda kusema "hiyo kazi ya fundi," kana kwamba haina akili ndani yake. Wadau, hesabu niliyoiona pale uani, juu ya bati moja, ilikuwa imebeba msimu mzima wa mtu.