Sinema ya Jumamosi na Swali la Mtoto

Mwenzangu aliyezoea kujaza ukurasa huu kwa mambo ya afya anaumwa malaria (mkimwona mpeni pole, na mumtanie kidogo, maana ndiye anayetuhimiza vyandarua). Nikaambiwa niandike mimi. Nikauliza, niandike nini? Nikajibiwa, andika maisha tu. Basi nitaandika kuhusu sinema, kwa sababu ukiondoa chaki na ubao sina kitu kingine ninachokijua vizuri.

Mimi ni mtoto wa Nhica do Rovuma. Kwa wasiopafahamu, ni kijiji cha wilaya ya Palma, kwenye njia ya kutoka Palma kwenda Nangade. Majirani zetu ni Pundanhar, na ukielekea kaskazini unaufikia mto Rovuma, ng'ambo yake ni Tanzania. Umeme hatukuwa nao. Lakini sinema tulikuwa nayo, kwa sababu ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa na kibanda cha mianzi na nyasi, madirisha ameyaziba kwa kapulana kuukuu za mkewe. Ndani kulikuwa na televisheni moja ndogo, deki, na magogo ya kukalia. Jenereta alilichimbia shimo nyuma ya kibanda ili kelele zake zisimeze maneno ya filamu. Ng'ambo kule kibanda cha namna hiyo wanakiita kibanda umiza, na kweli kinaumiza: joto, moshi wa petroli, mgongo, na jirani yako anayejua filamu yote na anataka kukuambia. Kiingilio mkubwa meticali 5, mtoto 2. Asiyekuwa na hela alileta kikombe cha mchele, na mimi ndiye niliyekaa mlangoni kupokea. Kazi yangu ya kwanza maishani hiyo, na mshahara ulikuwa kuona bure.

Filamu Mjomba alizifuata Mtwara. Anavuka mto kwa mtumbwi huku akiangalia viboko, anapanda gari, anarudi baada ya siku tatu na mfuko mmoja. Humo mna filamu za Bongo, za Kinigeria, za Kihindi, na zile za Wazungu zilizotafsiriwa. Waliokulia vibandani wanamkumbuka Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Yeye alikuwa anaweka sauti yake juu ya filamu ya kigeni, anakusimulia kwa Kiswahili kinachoendelea, anakuongezea na yake ambayo hata mwenye filamu hakuyafikiria. Sisi watoto tulikuwa tunaamini kabisa kwamba Arnold Schwarzenegger anajua Kiswahili. Rafiki yangu mmoja alikuwa anabisha kwamba ni Mmakonde wa Newala, ila amenenepa.

Steven Kanumba alipofariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012 nilikuwa na miaka 11. Habari tuliipata kwa redio ya ng'ambo. Mama zetu walilia kama wamefiwa na mkwe. Usiku ule Mjomba alikopa petroli akaonyesha filamu za marehemu mpaka asubuhi bila kiingilio, na mlangoni nikakosa kazi.

Nayasema haya ili mjue Kiswahili changu kimetoka wapi. Shuleni tulifundishwa Kireno. Nyumbani ni Kimakonde, kwa jamaa wa pwani unasikia Kimwani, sokoni ni Kiswahili. Lakini hiki cha kuandika mnachokisoma hapa, nusu yake nimekiokota kwenye magogo ya Mjomba. Mkikuta makosa, mlaumuni yeye.

Mwaka 2021 tukaondoka. Mnajua wenyewe, sina haja ya kusimulia. Baada ya Palma kushambuliwa tarehe 24 Machi, watu wengi walitembea kwa miguu kwenda Nangade, wengine wakapanda huku juu Mueda, wengine wakaenda Pemba kwa maboti. Mjomba alibeba deki akaacha godoro. Mkewe hajamsamehe mpaka leo, hasa ukizingatia kwamba deki lenyewe lilinyeshewa njiani na halikuwaka tena.

Sasa mimi ni mwalimu wa kujitolea. Kwenye karatasi za serikali tunaitwa deslocados, yaani watu waliohamishwa, lakini midomoni mwetu ni wakimbizi tu, na mwalimu mkimbizi ni mtu wa ajabu. Siku ya posho naitwa mwalimu. Siku nyingine zote naitwa yule kijana. Darasani nina watoto zaidi ya 80 chini ya turubai moja, na asubuhi za ukungu wanakuja wamejifunika kapulana mpaka kichwani, hujui umemwita nani. Wengine wamechelewa kwa sababu ya foleni ya maji. Siwapigi kwa kuchelewa, na mimi mwenyewe huwa niko foleni hiyo hiyo na ndoo.

Haya, turudi kwenye sinema. Miezi miwili iliyopita kijana mwenzetu mmoja alikuja kutoka Pemba na projekta ndogo ya kuazima na betri ya sola. Tukafunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili, watu wakajaa kuliko siku ya mgao. Mimi nikaombwa nichague filamu kwa sababu ya sifa zangu za kibandani. Nikachagua Komando, ile ya Schwarzenegger ya mwaka 1985, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inajaza kibanda cha Mjomba. Sauti tukaifungulia mpaka mwisho. Sikufikiri. Nasema wazi hivyo ili nisionekane najitetea, maana hakuna aliyenishauri vibaya, ni mimi.

Walioiona wanakumbuka. Komando ni mjane anayekaa mlimani na binti yake. Wanakuja watu wenye bunduki, wanashambulia nyumba, wanamchukua binti. Bunduki zilipolia pale kwenye shuka, mama mmoja wa mbele aliinuka, akabeba watoto wawili na kuondoka bila kusema neno. Wengine wakafuata. Mimi nikadhani wanawahi kulala. Kisha mtu akapiga kelele kwamba kuna mtoto amekimbia gizani, na ni mtoto wa darasa langu, mwenye miaka 8.

Tulizima. Tukamtafuta kwa tochi za simu kuanzia saa mbili mpaka karibu saa nne usiku. Tulimkuta ndani ya shimo la choo kipya ambacho kilikuwa bado hakijatumika, amejifunika gunia. Hakuwa analia. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, na tulipomtoa aliendelea kujiziba.

Asubuhi nilikwenda kwa bibi yake, ndiye anayemlea. Nikamkuta anachambua maharage.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa."

Nikakaa. Nikaanza maneno yangu ya kuomba radhi niliyoyapanga njiani. Akaniacha nikamaliza yote, kisha akasema bila ukali, "Sasa mwalimu, ule mlio wewe hukuusikia, au umeshauzoea?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo natafuta.

Wakati nanyanyuka, yule mtoto akatokea mlangoni. Nilitegemea ataniogopa. Akauliza, "Mwalimu, yule baba alimpata binti yake?"

Hapa inabidi niwaeleze jambo, na nimemwomba bibi ruhusa ya kuliandika, akasema andika, huenda akasoma mtu anayemjua. Mtoto huyu ana dada yake. Mwaka 2021 alikuwa na miaka 13. Alichukuliwa njiani, na tangu siku hiyo hawajapata habari yake. Bibi ameandikisha jina lake kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta ndugu waliopotezana, na kila wanapopita anakwenda kuuliza, hata kama alikwishauliza juzi.

Basi mtoto alikimbia kabla ya mwisho. Ameona binti anachukuliwa, hajaona anaporudishwa.

Nikamwambia, "Ndiyo. Alimpata."

"Baada ya siku ngapi?"

Wanaoijua filamu wanajua: Komando anapewa muda mpaka ndege itue, na ndege inachukua saa 11. Mwalimu anatakiwa aseme kweli. Nikasema, "Hazikufika siku. Muda wa saa 11."

Alinyamaza akihesabu. Bibi yake alikuwa ameinamia maharage, lakini mikono imesimama. Mtoto akasema, "Sinema inakwenda mbio," akaingia ndani.

Jambo hilo lilinikalia. Nikampelekea mzee mmoja wa hapa Mueda, mwenyeji, ambaye hupenda kuja kukaa karibu na darasa langu kusikiliza watoto wakisoma. Akaniuliza kama nawahi kusikia habari za mchezo wa tarehe 16 Juni. Tarehe yenyewe tuliisoma shuleni: mwaka 1960 watu walikusanyika mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno hapa hapa Mueda, miongoni mwao Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane waliotoka Tanganyika kudai uhuru, na askari wakawafyatulia risasi. Nisichokijua ni kwamba baada ya uhuru wa 1975 watu wa Mueda walikuwa wanaigiza siku ile wenyewe, nje, mahali pale pale. Mwaka 1979 akaja Ruy Guerra, mtengeneza filamu aliyezaliwa mji ambao leo ni Maputo, akawapiga picha wakiigiza. Filamu inaitwa Mueda, Memória e Massacre, haina rangi, na ndiyo inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya hadithi ya Msumbiji huru. Mimi mwenye sifa za sinema sikuwa naijua. Aibu.

Mzee alikuwa kijana, alikuwa mmoja wa watazamaji. Anasema watu walikuwa wanacheka. Nikashangaa, mnachekaje mauaji? Akasema, "Mreno anaigizwa na Mmakonde mwenzetu, ametoa tumbo mbele, anafoka. Na anayeshika bunduki tunamjua, ana deni la kuku nyumbani kwetu. Ukimjua mwenye bunduki, unacheka. Huyo wa kwako kwenye shuka, nani anamjua?"

Nikafikiri sana maneno ya mzee. Nayakubali, lakini si yote. Wao walipoanza kuigiza, uhuru ulikuwa umeshapatikana, na waliokufa walikuwa wanajua wamekufa. Sisi wengine hatujui. Huwezi kuigiza kitu ambacho hakijaisha. Nikamwambia hivyo kwa adabu, naye akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kunihurumia. Akaniambia pia kwamba mwaka wa kwanza wa mchezo mama yake alikataa katakata kwenda, na hakuna aliyemlazimisha.

Tangu hapo tumebadilisha utaratibu. Jumamosi tulizoonyesha baadaye tuliweka vichekesho vya King Majuto, sauti ya chini, taa moja inawaka pembeni, na mimi nasimulia juu yake kama Lufufu, tena namwongezea Mzee Majuto maneno ambayo angeyapenda, Mungu amrehemu. Watu walikuja nusu tu. Nimewaelewa. Yule mtoto alikuja mara zote. Hakai na wenzake mikekani, anakaa kando yangu kwenye betri, kidole kiko juu ya swichi, na nilimwonyesha jinsi ya kuzima. Mara moja alizima kweli, katikati ya kichekesho, bila sababu tunayoijua. Watu wakaguna, nikawaambia subirini. Baada ya kidogo akawasha.

Sasa anataka kuona mwisho wa Komando. Ameniomba mara tatu. Walimu wenzangu tumegawanyika: mmoja anasema filamu ile isionekane tena kambini, na ana hoja. Mwingine anasema mtoto akishauliza mwisho, umpe mwisho. Mimi nilirudi kwa bibi nikamwachia yeye uamuzi. Akasema sawa, lakini asisikie bunduki, na yeye mwenyewe atakuja, ingawa hajawahi kuona sinema maishani mwake na hana hakika kama macho yake yataifaa.

Kwa hiyo tangazo ni hili. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa moja jioni, kwanza kichekesho, halafu mapumziko marefu ili anayetaka kuondoa watoto wake awaondoe. Baada ya hapo ni sehemu ya mwisho tu ya Komando, pale baba anapomfikia binti, bila sauti kabisa. Nitasimulia mimi. Swichi atashika yeye. Shuka la mwezi uliopita limetoboka, mwenye jeupe lisilo na maua atuazime, tutalirudisha limefuliwa. Mikeka mje nayo.