Ukuta wa Sentimita 90

Mwanza ni mji wa kupanda na kushuka. Anayekaa Igogo, Mabatini au Isamilo hahitaji ghorofa ili apande ngazi. Mlima wenyewe ni ghorofa, na mawe yake ndiyo vipandio. Watoto tumebeba ndoo za maji juu ya mawe hayo, na wazee wetu wamezeekea hukohuko juu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usishangae kijana aliyeishia kidato cha nne, mwenye ndoto ya kuandika riwaya, akikujia na habari za ukuta mfupi unaozunguka ngazi. Katika mji huu hiyo si habari ya matajiri peke yao.

Tazama tunavyojenga. Mtu akishaezeka tu, anahamia. Madirisha yamezibwa kwa mabati, sakafu bado vumbi, lakini kodi ya kupanga imekwisha, na hilo peke yake ni la kumshukuru Mungu. Yaliyobaki yote hupewa jina moja: baadaye. Dari baadaye. Rangi baadaye. Na kingo za ngazi, jamani, ndizo za mwisho kabisa katika foleni hiyo. Zipo ghorofa ambamo mtoto amezaliwa, ametambaa na kuanza shule, na ngazi bado iko uchi upande mmoja, imeachwa hivyo hivyo kama mdomo usio na meno.

Mama mdogo anauza dagaa Mwaloni, pale Kirumba. Ameweka akiba miaka mingi, mfuko wa saruji leo, tofali kumi kesho, hadi boma lake la chini limefika kwenye linta. Anataka ghorofa moja: chini fremu ya kupangisha, jiko na sebule, juu vyumba vya kulala. Bibi atakaa naye. Presha ya macho imemla bibi nuru, sasa anatambua mchana na usiku na kivuli cha mtu, basi. Mwaka jana, kwenye nyumba tunayopanga, alikosa kipandio kimoja kwenye ngazi ya nje isiyo na kingo, akavunjika mkono. Tulipomwambia kwamba kwenye nyumba mpya atatengenezewa chumba chini, alikataa katakata. "Mnilaze peke yangu na magunia ya dukani? Mimi nalala walipolala wanangu."

Fundi naye, mtu mwema na mwenye mkono mzuri, alikuwa na jibu lake. "Mama, ngazi tutaipiga safi. Pembeni utaweka reli ya bomba baadaye, hela ikipatikana."

Neno lenyewe hilo.

Mimi napiga mzigo kwenye steshenari moja mjini, kutoa kopi na kuchapa barua za kuomba kazi. Kwenye kompyuta ya pale kuna programu ya kuchora nyumba iitwayo Sweet Home 3D. Mfaransa mmoja, Emmanuel Puybaret, ndiye aliyeitunga, ikatoka mwaka 2006, na inatolewa bure. Mama mdogo alikuja jioni moja bado ananukia dagaa, akaniambia, "Mwanangu, wewe si unajua kompyuta? Nichoree niione hiyo ngazi kabla sijalipa."

Nikaketi kuchora, na hapo ndipo mambo yaliponoga. Programu hii haina kitufe cha ukuta wa nusu. Unachora ukuta wa kawaida, unaubonyeza mara mbili, nayo inakuuliza: kimo gani? Hakuna "pale pale juu kidogo," wala "usawa wa kiuno," kama tunavyosemezana na mafundi. Inataka namba. Ukitaka ukuta unaopanda na ngazi, unachagua ukuta wa mshazari, kisha unataja kimo cha mwanzo na kimo cha mwisho. Na mwanzo ni pale ulipoanzia kuchora. Ukianzia juu kushuka chini, namba nazo zinageuka.

Basi tukapiga hesabu. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni sentimita 288, yaani mipando 16 ya sentimita 18 kila mmoja. Pa kukanyaga ni sentimita 27. Kingo nikaiwekea sentimita 90 juu ya kila kipandio, kimo ambacho hata kanuni za Uingereza zinakitaka kwenye ngazi za nyumba za kuishi. Kwa hiyo ukuta wa pembeni unaanza na sentimita 108 kwenye kipandio cha kwanza, unapanda kwa mshazari, na baada ya mita mbili na nusu hivi unagusa slabu iliyo kwenye sentimita 273. Hapo nikaugawa: kuanzia hapo kwenda mbele ni ukuta mzima, na chini ya ngazi pakapatikana stoo ya ndoo na mkaa.

Juu nako kuna kazi yake. Ukiongeza ghorofa, programu yenyewe inatoboa sakafu mahali ngazi inapotokea, nawe unabaki unatazama shimo. Upande mmoja wa shimo umeegemea ukuta wa nyumba. Upande mfupi mmoja ndiko mtu anakotokea. Zinabaki pande mbili za kuzibwa, mmoja wa sentimita 405 na mwingine wa mita moja. Nikazizungushia ukuta wa sentimita 90. Tukahesabu kwa tofali za inchi sita, kama kumi kwa kila mita ya mraba: hazifiki hamsini.

Tofali hamsini, ndugu zangu! Hicho ndicho kitu tulichokuwa tunakiita baadaye.

Lakini fundi alipoiona ile picha alikuna kichwa, akasema jambo ambalo kompyuta haikuniambia. Ukuta mfupi usiofungwa juu na kitu chochote hausimami kwa saruji peke yake. Unataka nondo zinazochomoza kutoka kwenye slabu, ziachwe kabla zege halijamwagwa. Na mzigo wa tofali zile ukingoni mwa shimo lazima mhandisi aujue mapema. "Ukishamwaga zege, dogo, ukaja baadaye na ukuta wako, unakuwa umebandika tu." Naam! Programu inakuonyesha sura ya nyumba, haijui kama nyumba itasimama. Fundi anajua itasimamaje, ila asipoulizwa mapema hasemi. Picha ndiyo iliyomfanya aulizwe.

Kuna mtu ndani ya programu ile, wanamwita mgeni. Unaweza kumtembeza ndani ya nyumba yako na kuona anachokiona, na unaweza kubadili kimo cha macho yake. Nikamshusha awe na kimo cha mtoto wa mama mdogo, wa miaka miwili: akauona ukuta tu, hakuliona shimo, nami nikafurahi. Lakini mgeni huyo hupenya kuta kama jini, na ukimpeleka juu ya shimo hatumbukii. Bibi yetu si mgeni wa kompyuta. Kwake yeye ukuta ule si wa kutazamwa. Ni wa kushikwa. Nikamwomba asimame, nikampima kutoka sakafuni hadi kiganja kilipopumzika penyewe kwa raha: sentimita 82. Ukuta ukabaki 90 kwa ajili ya mtoto, na upande wa ndani tukachora bomba la kushika kwenye kimo cha mkono wa bibi.

Ninyi mnaoota uandishi kama mimi, mtaniuliza riwaya inahusika wapi hapa. Aniceti Kitereza, Mkerewe wa kisiwani huku kwetu, alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945 kwa Kikerewe, na kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1980. Mle ndani kazi za mikono za Wakerewe zimeelezwa kwa kina kweli kweli. Zamani nilidhani mwandishi ni mtu wa hisia, kwamba wahusika wakipanda ngazi inatosha kusema walipanda. Siku hizi najiuliza: ngazi gani? Ina kingo? Anayepanda anashika wapi? Swali la kimo ni swali la nani atapita hapo.

Slabu ya mama mdogo haijamwagwa. Bei ya nondo imemkimbia, na dagaa wa mwezi huu hawakuwa wengi. Ramani iko kwenye bahasha chini ya godoro lake, na nondo za ukuta mfupi zimeandikwa humo kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wa fundi mwenyewe. Wewe ambaye kwenu mnajenga, hata kama ni vipandio vitatu vya kuingilia mlangoni, chukua karatasi leo, uchore kingo, uandike namba. Jambo lililoandikwa kwenye ramani fundi atalidai. Lisiloandikwa, bibi yako ndiye atakayelilipa.