Mvua katika Jangwa la Sonora

Jangwa la Sonora limelala kusini-magharibi mwa Marekani na kuingia Meksiko. Msomaji asidhani kwamba ni mchanga mtupu. Humo huota saguaro, mmea wa miiba usio na majani, wenye matawi yaliyoinuliwa kama mikono ya mtu asaliye. Huweza kufika mita 12 na kuishi zaidi ya miaka 150. Karibu na mji wa Tucson lasimama kanisa jeupe la San Xavier del Bac. Misioni hiyo iliasisiwa mwaka 1692 na Padri Eusebio Francisco Kino, Mjesuiti. Kanisa la sasa lilijengwa na Wafransisko kati ya 1783 na 1797. Wenyeji ni Watohono O'odham, na wengi wao ni Wakatoliki.

Kwa desturi watu wa Tucson huanza kuitazamia mvua siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, tarehe 24 Juni, ingawa mara nyingi huchelewa hata Julai. Asubuhi mbingu ni safi. Alasiri mawingu yamerundikana juu ya milima. Hapo ndipo wapiga picha hutoka.

Umeme haukamatwi kwa wepesi wa kidole. Usiku mtu huiweka kamera juu ya miguu mitatu, huliacha jicho lake wazi kwa sekunde nyingi, akangoja; umeme hujichora wenyewe. Na jua litakapotua asiondoke upesi. Wakati huo nuru hupita katika hewa nyingi, rangi ya buluu hutawanyika njiani, nyekundu husalia. Dakika chache baada ya jua kuzama, mawingu ya juu huwaka kwa chini kama makaa. Wenye haraka wamekwisha kwenda kula.

Lakini ahesabu. Sekunde tatu kati ya umeme na ngurumo ni kadiri ya kilomita moja. Zikipungua 30, aingie nyumbani au ndani ya gari. (Sisi watu wa Kongo twaijua radi: hesabu za mwaka 2016, zilizotokana na satelaiti, ziliiweka Kabare, katika Kivu, ya pili duniani, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela.)

Maji ni ya hila kuliko radi. Ardhi kavu haiyanywi upesi, na korongo lisilo na tone hujaa ghafula kwa mvua iliyonyesha mbali, huku mbingu juu yako ni buluu. Kaskazini mwa Arizona, katika nchi ya Wanavajo, kuna bonde jembamba la mawe mekundu liitwalo Antelope Canyon, lipendwalo mno na wapiga picha. Tarehe 12 Agosti 1997 mvua ilinyesha kilomita nyingi kutoka hapo. Gharika ikaingia bondeni, na wageni 11 wakafa maji. Siku hizi hakuna mgeni aingiaye bila kiongozi, na ngazi za chuma zimefungwa katika mwamba.