Mama Aliyetusikiliza

Jioni, ng'ombe wakishakatiwa majani na mtori ukitokota juu ya mafiga, mama alipunguza utambi wa chemli ili mafuta yafike Jumamosi, akaketi kwenye kigoda, akatuita mmoja mmoja kuanzia mkubwa, nasi tukasimama mikono nyuma, macho yakiwasha kwa moshi wa kuni, kila mtu akasema aya yake ya wiki. Ukikosea neno moja, unarudi mwanzo. Chakula kinasubiri.

Mliolelewa katika nyumba za Kilutheri za Uchaggani mnaijua foleni hiyo. Kiswahili chake kilikuwa cha Union Version, Biblia iliyotoka 1952, na kwa kuwa nyumbani tulisema Kichaga, maneno mengi tuliyameza kabla hatujayajua. Neno gongo, lililomo katika Zaburi ya 23, mimi nililijua kuwa ni ile pombe iliyowaleta askari migombani usiku. Miaka mingi niliamini ndiyo iliyomliwaza Daudi, wala sikuthubutu kuuliza. Darasa la kipaimara nalo halikunisaidia. Katekisimu Ndogo ya Luther, ya 1529, huuliza maana ya kila amri, na jibu lake pia tulilikariri.

Mama hakujua kusoma. Uzito wa jambo hilo niliuona nikiwa mtu mzima. Aya aliletewa na kaka yetu mkubwa kutoka shule ya Jumapili. Alimsikiliza mara mbili tatu, akaishika, kisha akatudai sisi sote. Vinywa vyetu ndivyo vilivyokuwa Biblia yake.

Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mama naye alijifunga kanga akaenda darasani, na baada ya miezi kadhaa akaifungua Biblia mbele yetu, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza wa Zaburi ile ile. Mdomo ulimaliza aya, kidole kingali kwenye neno la tatu. Akanyamaza. Akakirudisha kidole mwanzo, akaanza upya, silabi kwa silabi, kama mtu anayeonana uso kwa uso na ndugu aliyemjua kwa sauti tu.

Leo mjukuu wangu, hapa Dar es Salaam, ana Biblia nzima kwenye simu. Anaandika neno moja, aya inatokea. Akitaka, simu inamsomea. Kila niisikiapo sauti hiyo namkumbuka mama, ambaye angesomewa Isaya yote, sura 66, huku akimenya ndizi, bila kungoja mtoto arudi na mstari mmoja. Na mtoto huyu anauliza. Juzi alitaka kujua gongo ni nini; nikamweleza kuwa ni fimbo nene ya mchungaji, ya kufukuzia wanyama wakali.

Lakini nilipomwambia aiseme Zaburi hiyo bila simu, alifika mstari wa pili akasita. Hakuna aliyemsimamisha mbele ya moto. Hata baba yake sikumsimamisha: niliapa wanangu hawatangoja chakula kwa sababu ya aya, nikalitimiza neno langu, na sasa nyumba nzima aya zimebaki kwangu peke yangu.

Wiki hii tumeanza, mstari mmoja kila jioni, tukishakula. Anaificha simu chini ya mto, anasimama, anasema. Mimi nasikiliza nimefumba macho, mkononi sina kitabu.